Ramani ya Mzee Bandali

Temeke,
Jumanne, 4 Februari 2025

Mzee wangu Bandali,

Shikamoo. Na kwa Mama Sania shikamoo ya pili, iwe yake peke yake, asije akasema namchanganya na mumewe.

Nassibu dereva atakukabidhi barua hii pamoja na mapipa kumi na mawili ya mabaki ya jikoni kwa ajili ya mboji yako. Nimemwambia atoe barua kwanza ndipo ashushe mapipa, maana wiki iliyopita alifanya kinyume, bahasha ikafika inanuka maharage. Ungekuwa na simu ya maana tusingefika huku, lakini jibu lako nalijua: huko Kimbiji mtandao una siku zake, na wewe huwezi kuongea na kioo. Basi tuendelee na lori. Linakuja kwako kila Jumanne, na ni la uhakika kuliko wajumbe wa kamati zangu.

Sasa habari. Kaa kwanza. Matumizi ya maji ya chuo yameshuka kwa theluthi nzima. Theluthi, Mzee. Nimejumlisha mwaka 2024 wote nikaulinganisha na 2021, nikarudia mara tatu, kisha nikampa mtu mwingine ajumlishe asijue natafuta nini. Namba imegoma kubadilika. Zile koki za kujifunga zenyewe, zile semina nilizowafanyia wapishi hadi wakawa wananikimbia, yale mabango ya vyooni ambayo wanafunzi wananichora masharubu, vyote vimezaa matunda.

Unajua maana yake. Tarehe 10 Aprili Baraza la Chuo linakaa kuamua mambo mawili kwa mpigo: kama Ofisi ya Uendelevu iendelee kuwepo au ivunjwe, na kama mimi nithibitishwe kuwa Mkurugenzi wake. Nimekaa na neno Kaimu mbele ya cheo changu mwaka na mwezi mmoja. Profesa Anjelina, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa utawala, hajaficha kwamba kwake kazi yetu ni kupanga ndoo za taka za rangi tatu. Wenzake wanatuita Ofisi ya Ndoo. Mimi nitaingia na theluthi yangu mkononi, nione nani atacheka.

Na nitasema mbele yao kwamba aliyenifundisha kusoma mita ya maji ni wewe. Mwaka 2011 nilikuwa karani wa stoo ya mafundi, sijui kiwiko cha bomba wala soketi, nasoma shahada ya mazingira jioni kwa miaka sita na mchana nasinzia juu ya makopo ya rangi. Ulinifunika turubai wakubwa wasinione. Sijasahau.

Mwanao,
Tusajigwe Mwaisumo
Kaimu Mkurugenzi (zimebaki siku sitini na tano)


Kimbiji,
11 Februari 2025

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Mama Sania kaipokea ya kwake, anasema siku hizi ndiyo zawadi pekee inayomfikia kutoka mjini.

Mapipa kumi na moja yalikuwa mazuri. La kumi na mbili nimekuta vijiko vya plastiki na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Ukimwona binti anachechemea hapo chuoni mwambie iko kwangu, nimeiosha. Mboji inakwenda vizuri. Majirani wameshazoea kumwona Mhindi anachimba shimo lake mwenyewe. Mwaka wa kwanza walikuwa wanakuja kutazama, tena na watoto.

Herufi zangu zimekuwa kubwa, usidhani nimerudi darasa la kwanza. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto linaelekea hukohuko. Daktari kanipangia mwezi wa Mei. Mpaka hapo naandika kwa kubahatisha mstari.

Theluthi ni kubwa. Nilisoma sentensi hiyo, nikampa Mama Sania anisomee tena. Nilikukumbuka mwezi wako wa kwanza stoo, ulipokataa kusaini kupokea viwiko vya nusu inchi mpaka uvishike kimoja kimoja, mafundi wakakusubiri nje na jua lote lile. Walinuna kweli. Mie nilisema moyoni, huyu binti siku moja atakuwa bosi wetu sote. Sikukosea.

Swali dogo la mzee asiye na kazi. Kwa nini umelinganisha na 2021? Kwa nini sio 2023? Usijisumbue kujibu kama umebanwa.

Mujtaba Bandali
Fundi Mkuu (Mstaafu)


Temeke,
25 Februari 2025

Mzee wangu,

Shikamoo zote mbili.

Swali lako lina jibu, tena liko ukurasa wa tisa wa ripoti. Mwaka 2021 ndio wa mwisho kuwa wa kawaida. Mwaka 2022 ukaja ule ukame na maji ya mgao, na 2023 watu walikuwa bado wana hofu, wanatumia kwa kubana. Huwezi kumpima mtu uzito akiwa anaumwa. Ripoti yenyewe ina kurasa arobaini na nane, imeshapigwa chapa, ina picha yangu nimeshika koki. Nimependeza.

Sasa nikulilie kidogo. Ile miparachichi sitini niliyoileta kutoka kwetu Tukuyu, mingine nimeipakata kwenye basi siku nzima, inaungua. Ncha za majani zinakauka, kisha ukingo, kisha jani zima linadondoka. Imeanza ile ya mteremko wa hosteli ya wasichana, na kumi na tisa imeshakufa. Praygod, mtunza bustani, ananiapia kwamba anamwagilia kila asubuhi kwa mpira kutoka matenki ya hosteli. Nimemwambia mti unaomwagiliwa hauungui. Nilikasirika, Mzee, nikamwita mjinga na mvivu mbele ya wenzake. Mkataba wake unakwisha tarehe 31 Machi na sioni kwa nini niuongeze. Wajumbe wa Baraza watatembezwa bustanini siku ile, na mimi siwezi kusimama karibu na mtu aliyeua miti kumi na tisa.

Wewe sasa ni mkulima. Niambie ni ugonjwa gani.

Mengine ni ya kawaida. Wasichana wa hosteli wamekuja ofisini kwa maandamano ya watu wanne, wanadai sabuni haitoi povu. Nimewaambia wabadilishe sabuni.

Mwanao,
Tusajigwe
Kaimu (arobaini na nne)


Temeke,
11 Machi 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Jumanne iliyopita lori limerudi bila barua. Nassibu anasema alikukuta umekaa kibarazani, ukapokea mapipa, ukauliza hali yangu, ukasema jibu litakuja. Je, macho yamezidi? Au nimekuudhi?

Miparachichi iliyokufa imefika ishirini na sita. Praygod nimeshampa barua kwamba mkataba hautaongezwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Nilitegemea abishe, na tangu hapo sina raha, sijui kwa nini.

Zimebaki siku thelathini. Nafanya mazoezi ya kuwasilisha mbele ya kioo.

Tusajigwe


Kimbiji,
18 Machi 2025

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Macho yamegoma, Mama Sania ananiandikia ninavyosema. Kuhusu miparachichi, joto la huku si la Tukuyu. Iwekee kivuli na upunguze maji. Kuhusu Praygod, usimharakishe kijana wa watu. Ripoti yako ni nzuri. Nakutakia kila la heri kwenye Baraza.

Mujtaba

Hapo ndipo alipoishia yeye, kaenda kutawadha. Sasa naandika mie, Dolat, na haya sitamsomea mpaka lori liondoke.

Binti yangu, barua yako ya miparachichi imemkaa kooni tangu siku ile. Kanisomesha mara mbili ile sehemu ya ncha za majani, kisha kasimama kaenda upande wa chini wa shamba, pale tulipopanda mipapai mwaka wa kwanza karibu na pwani ikafa yote. Ilikufa hivyohivyo, ncha kwanza. Ilikuwa chumvi. Kivuli hakihusiki hapo na yeye anajua.

Nyuma ya banda la kufulia la hosteli ya wasichana kuna kisima cha zamani. Mume wangu alikiunganisha na matenki ya hosteli mwaka wa ukame, Jumapili moja nyie mko kanisani, na mie ndiye niliyempelekea chai ya maziwa pale shimoni. Hakuomba ruhusa ya mtu. Maji ya kisima hicho hayapiti kwenye mita yako, Tusa. Yamekuwa yanavutwa siku zote hizo na sasa nadhani bahari inaingia. Sijasoma mazingira, lakini nyumba nimeiendesha miaka arobaini na moja, na hesabu hiyo naiona. Theluthi yako iko mle shimoni.

Wiki hii tunaingia kwenye mikesha ya Ramadhani, siku ambazo sie tunamlilia Imam Ali na kumwomba Mungu msamaha. Nimemwambia, unakwenda kumlilia Mungu kwa jambo ambalo mwenyewe yuko Temeke na lori linakwenda Jumanne? Kaninunia. Basi nimelisema mie. Ukitaka kumchukia mchukie, lakini kijana wa bustani asiondoke kwa kosa la mume wangu.

Dolat


Temeke,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mzee Bandali,

Shikamoo.

Barua hii inakuja kwa pikipiki, sikuweza kuisubiri Jumanne.

Nimekwenda nyuma ya banda la kufulia. Nilikwenda na Praygod. Tuliondoa nyasi, tukaondoa mabati, tukaikuta pampu inanguruma. Inanguruma hivyo miaka miwili na miezi mitano, na mimi napita hatua kumi kutoka hapo kila Jumatatu kwenda kusoma mita. Niliyaonja maji nikayatema. Praygod alinipa chupa yake ya maji nisukutue.

Kisha nikarudi kwenye vitabu nikafanya nilichopaswa kufanya Januari. Nilitazama mwezi mmoja mmoja badala ya jumla ya mwaka. Matumizi yalishuka ghafla mara moja tu, Oktoba 2022, na hayakushuka tena hivyo. Ofisi yangu ilianza Januari 2024. Vitabu vilikuwa mezani kwangu muda wote. Yule karani uliyemsifu, aliyeshika viwiko kimoja kimoja, safari hii hakushika. Niliipenda ile theluthi nikaogopa kuigusa isije ikavunjika. Baada ya kuondoa kisima, kilichobaki ni lita nne katika kila mia. Hizo ndizo zangu halali.

Nimekukasirikia sana, na hasira yenyewe si ya kisima. Ulijua tangu Februari, ndiyo maana uliniuliza habari za 2023. Ukaniacha nipige chapa. Ukaniacha nimdhalilishe mtu. Halafu ukaniandikia habari za kivuli.

Zimebaki siku ishirini na moja. Wanaojua ni sisi wanne: wewe, Mama Sania, Praygod na mimi. Sitakudanganya, nimekaa na wazo la kunyamaza kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Ofisi ni hii moja, cheo ni hiki kimoja, na nimekisubiri tangu nikiwa chini ya turubai lako.

Chai imekwisha. Nataka ramani. Nichoree kila bomba la upande ule, linapoanza na linapoishia, na koki ya kufungia iko wapi.

Tusajigwe Mwaisumo


Kimbiji,
25 Machi 2025

Mwanangu,

Mwandiko ni wa Mama Sania, maneno ni yangu, na safari hii kanisomea yote kabla ya kufunga bahasha.

Oktoba ile hosteli ilikuwa kavu siku tisa. Wasichana walikuwa wanatoka alfajiri na ndoo hadi barabarani, mmoja akaporwa simu. Niliandika ombi la kufungua kisima cha zamani nikaambiwa nisubiri kamati, na kamati inakaa Novemba. Jumapili nikaunganisha. Jumatatu maji yakatoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza yametoka wapi. Nilikusudia kukifunga mvua zikirudi. Mvua zikarudi, mie nikawa nimeshazoea kusifiwa kwamba hosteli yangu haikauki. Nikastaafu nikakiacha kinavuta.

Miaka thelathini na moja mabomba ya chuo kile yalikuwa kichwani mwangu. Fundi akikwama ananiita, namwambia chimba hapo, hatua nne kutoka mlangoni, na anakuta. Nilijivunia mno. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, tukala pilau, mkasema maneno mazuri. Hakuna aliyeniuliza mabomba yanapita wapi. Nami sikusema, kwa sababu nilitaka mje mniulize. Naona aibu kulisema hili na Mama Sania anaandika bila kuinua macho.

Februari nilinyamaza kwa sababu nyingine. Barua yako ilikuwa na furaha ambayo sijaiona kwako tangu siku ulipohitimu. Nikasema, acha athibitishwe kwanza, nitamwambia baadaye. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa najilinda mie.

Ramani ni hii, nyuma ya kalenda. Mama Sania kachora, mie nimemwongoza, tumegombana mara sita. Mstari wa bluu ni maji ya mjini, mwekundu ni kisima. Koki ya kufungia iko chini ya sinki la tatu la saruji. Izungushe kulia mara kumi na moja. Itakuwa ngumu ikifika ya nane, usiogope.

Kuna karatasi ya pili. Humo nimekiri kila kitu kwa jina langu kamili na sahihi. Wasomee Baraza. Sema fundi mstaafu alikificha na wewe hukujua. Itakutoa salama. Mie wananifanya nini sasa, watachukua saa yao? Yenyewe inachelewa dakika kumi.

Mujtaba Bandali


Temeke,
15 Aprili 2025

Mzee wangu na Mama Sania,

Shikamoo zimerudi, zote mbili.

Karatasi ya pili sikuisoma. Iko kwenye droo yangu na itakaa humo. Ingenitoa salama kweli, lakini wangeondoka pale wakidhani tatizo lilikuwa mzee mmoja wa Kimbiji, na mimi ndiye niliyeshindwa kutazama miezi. Kwa hiyo nilianza na hilo. Nilisimama nikasema ukurasa wa tisa wa ripoti mliyoshika si wa kweli, naomba muukunje. Wakaukunja, Mzee, wazee wazima na suti zao. Nikawaambia theluthi haipo, zipo lita nne katika mia. Nikawaeleza kisima, chumvi, miparachichi thelathini na miwili iliyokufa, wasichana niliowaambia wabadilishe sabuni. Praygod nilimwalika, alikaa nyuma kabisa. Nilimwomba radhi palepale, kwa jina lake lote, mbele ya wote.

Profesa Anjelina alivua miwani. "Sasa Bi Mwaisumo," akasema, "kwa nini tuendelee na ofisi ambayo mafanikio yake makubwa hayapo?"

Nilikuwa na hotuba niliyoifanyia mazoezi mwezi mzima. Haikuja. Nilichomwambia ni hiki: "Profesa, chuo hiki kimevuta kisima miaka miwili na nusu na humu ndani hakuna aliyejua. Leo mnajua. Ofisi ikifungwa, la pili mtaambiwa na nani?"

Halafu nikatandaza kalenda yenu mezani. Ripoti ya kurasa arobaini na nane walikuwa wameifungua kwa ustaarabu tu. Kalenda walisimama kuitazama. Mjumbe mmoja alitafuta ofisi yake kwa kidole akaona bomba la mjini linapita chini ya kiti chake, akafurahi sijui kwa nini. Profesa Anjelina akauliza ramani ya upande wa maabara iko wapi. Nikamwambia iko Kimbiji, kichwani mwa mtu. Hakucheka. Aliandika.

Uamuzi ni huu. Ofisi inaendelea, tena imepewa visima na mabomba pia ivisimamie. Kisima kinapumzishwa. Koki nimezungusha mwenyewe, mara kumi na moja, na ya nane ilikuwa ngumu kama ulivyosema. Maji ya mvua ya paa la ukumbi yatakingwa kwa ajili ya bustani. Praygod kaongezewa mkataba na sasa ndiye mpimaji wetu wa chumvi. Na cheo cha Mkurugenzi hawakunipa. Kitatangazwa, kila mwenye sifa aombe.

Nililia chooni, mbele ya bango langu lenye masharubu, kisha nikanawa uso. Nitaomba. Nimeanza na makopo ya rangi nimefika hapa, na hakuna anayekijua chuo hiki kuliko mimi, ukikutoa wewe, na wewe huna macho.

Jana nilisoma mita. Imepanda vibaya sana. Nimeiandika namba hiyo kwa herufi kubwa ubaoni mlangoni kwangu, kila anayepita aione, na kesho nitaanza kuishusha.

Tusajigwe
Bado Kaimu


Kimbiji,
10 Juni 2025

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Ona herufi zangu zilivyopungua. Macho yote mawili yamefanyiwa, na nakuandikia mwenyewe bila kubahatisha mstari.

Siku bandeji ilipotoka Mama Sania aliinama mbele yangu, akaniuliza namwonaje. Nikamwambia nimeiona ramani yake upya na ina makosa mawili. Hajanisemesha mpaka jana. Usirudie kosa langu ukiolewa.

Nassibu ananiambia tangazo la kazi limetoka na walioitwa kwenye usaili ni wanne. Wakikuuliza kosa lako kubwa kazini, usiwatafutie dogo. Wape hilohilo. Nilimsomesha Mama Sania barua yako ya Aprili mara tatu, na kila ikifika pale pa kukunja ukurasa wa tisa ananiona naangalia pembeni. Mie nilikuwa na miaka thelathini na moja ya kusimama na kusema kama ulivyosema, na sikusimama hata mara moja. Nakuonea fahari.

Jambo la mwisho. Mikesha yote mitatu nilimwomba Mungu, kwako sikuomba. Kwenye barua ya Machi nilieleza tu, na kueleza si kuomba. Nisamehe, mwanangu.

Mujtaba Bandali


OFISI YA UENDELEVU

Kumb. Na. OU/MAJ/17
2 Septemba 2025

Bw. Mujtaba Bandali,
Fundi Mkuu (Mstaafu),
KIMBIJI.

YAH: OMBI LA KUTUELEZA MABOMBA YANAPITA WAPI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Katika miaka thelathini na moja ya utumishi wako, chuo hakikuwahi kukuuliza swali hili. Ofisi inaomba radhi kwa kuchelewa, na kwa barua hii inakuuliza.

3. Unaombwa kufika chuoni kila Jumanne kwa wiki sita, kuanzia tarehe 16 Septemba 2025. Utatembea na wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa tatu pamoja na Bw. Praygod wa bustani. Wewe utaonyesha, wao watachora. Usafiri ni lori la Bw. Nassibu linaporudi, kiti cha mbele, mapipa yakiwa matupu na yameoshwa.

4. Bi Dolat Bandali anaombwa kuambatana nawe akiwa mchoraji wa ramani ya kwanza, ambayo imewekewa fremu na imetundikwa katika chumba cha Baraza. Makosa mawili uliyoyataja yatasahihishwa iwapo yeye mwenyewe atakubali kwamba ni makosa.

5. Kandambili ya mguu wa kushoto ije pia. Mwenyewe amepatikana.

Nakushukuru kwa ushirikiano wako.

Tusajigwe Mwaisumo
MKURUGENZI

(Kwa kalamu, chini ya muhuri)

Shikamoo, Mzee wangu. Nilikusamehe siku ile nazungusha koki, ilipofika ya nane. Miparachichi ishirini na minane imechipua majani mapya. Sasa rudi juu uisome tena sahihi yangu, kuna neno halipo. Macho unayo.